Kilio cha Mwanamke Aliyevikwa Jua

Kicheko kilikuja kwanza. Kilipenya ukuta wa mabati wa kanisa letu la Changamwe, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena kama kifuniko juu ya sufuria ya maharagwe yanayochemka, nami niliyekuwa nikipita na beseni la nguo kichwani nikasimama palepale. Kisha nikasikia rula ikipiga meza mara tatu. Kicheko kikakatika. Kikaanza upya, safari hii kimezibwa kwa viganja na ncha za leso, na hicho cha kuzibwa ndicho kilichonimaliza. Nikatua beseni chini, nikaweka jicho kwenye tundu la msumari.

Siku za kazi kanisa lilikuwa darasa. Walikuwamo wanawake kama kumi hivi, wake za watu wa reli na wa bandarini, wamekaa kwenye mabenchi na migongo yao inatetemeka. Mbele yao alisimama katekista, mzee aliyestaafu reli, kitabu amekishika mbali na uso kadiri mkono wake ulivyoweza kufika, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuanza kumkimbia. Nyuma yake, juu ya ubao, palikuwa na picha ambayo sikuwa nimeiona kabla.

Ilikuwa ndefu kama mkeka wa kulalia. Mwanamke amesimama juu ya mwezi mwandamo, jua limemzunguka mwili mzima, nyota kumi na mbili kichwani. Chini yake joka jekundu la vichwa saba limeachama. Padre ndiye aliyeileta kutoka kisiwani imekunjwa kwenye bomba la karatasi, itundikwe kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni mwezi wa Agosti, na alitaka wanawake waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo waelezwe maana yake kabla hawajaizoea.

Waliokuwa wakieleza ni wanawake wenyewe.

"Mwalimu," alisema mmoja, mama mwenye kifua kipana aliyekuwa akiuza mahamri karibu na kituo cha gari moshi, "vichwa saba, pembe kumi. Kila kichwa kikipata moja zinabaki tatu. Hizo tatu zimekwenda wapi?"

Katekista alimjibu kuwa hilo ni fumbo.

"Hata kwetu nyama ikigawanywa vibaya tunaambiwa ni fumbo."

Rula ikapiga tena. Mzee akarudi kwenye kitabu, akatafuta mstari, akaukosa, akakisogeza kitabu dirishani, akaukosa tena. Wanawake wakaanza kutazamana kwa huruma, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Mimi ukurasa ule nilikuwa nao kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, sina kazi ila kumsaidia mama, na nilikuwa nasoma kila kitu kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa mahamri na mafuta yake. Sauti yangu ikatoka kabla sijaituma. Nikasema, kupitia tundu la msumari, jinsi yule mwanamke alivyokuwa na mimba na jinsi alivyolia kwa uchungu wa kuzaa.

Benchi moja lilianguka. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba mara mbili, mwingine akaingia chini ya meza. Katekista peke yake hakushtuka. Aliligeukia bati lile, akasema, "Ingia ndani, malaika. Na miguu uipanguse."

Ndivyo nilivyoanza kumsomea. Jumanne na Alhamisi alasiri, kipande cha reli kilichotundikwa nje kama kengele kikigongwa, nilikuwa nimefika kitambo. Mimi nilisoma, yeye alieleza, wao walicheka. Wiki tatu zilipita hivyo na nilikuwa mtu mwenye furaha isiyo na adabu. Nilikuwa nikitembea kurudi nyumbani nikijisemesha. Mama aliuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimempata mwanamke aliyesimama juu ya mwezi, akanigusa paji la uso.

Ieleweke miaka ile ilivyokuwa. Siku ya kupandisha bendera yetu ilikuwa imetangazwa, na hapakuwa na mtu Changamwe ambaye hakuwa akisoma ishara. Baba yangu, mpanga mabehewa, alikuwa akisoma ishara katika jinsi wazungu wa reli walivyokuwa wakiuza viti vyao. Mimi nilisoma za kwangu katika sura ya kumi na mbili ya Ufunuo. Kitabu kinasema mwanamke alilishwa jangwani siku elfu moja mia mbili na sitini. Nilichukua penseli, nikahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya bendera nione Mungu alianzia wapi, nikahesabu mchana kutwa, nikaangukia siku ambayo mbuzi wa jirani alikula shati la baba. Sikukata tamaa. Ng'ambo ya bonde walikuwa wakijenga kiwanda cha kusafisha mafuta, na nilipoyahesabu mabomba yake yaliyosimama nikapata saba. Saba! Nilikimbia hadi kwa katekista nikihema.

Alikuwa akitengeneza mnyororo wa baiskeli yake kwa kupapasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kesho wakijenga la nane, utamwambia Yohana wa Ufunuo aongeze kichwa?"

Nikaacha kuhesabu. Lakini sikuacha kuwaza, na nilichokuwa nikikiwaza ni darasa lile. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilitaka nisimame pale mbele, chini ya yule mwanamke, niseme ninachokiona, na watu wazima wanisikilize. Padre alikuwa amekwisha kumwambia mzee atafute mtu wa kumrithi darasa la wanawake, kwa sababu ya macho. Nikajipa moyo, nikamwomba mzee.

Hakukasirika. Alifuta mikono mafuta, akasema kwa upole: "Hujaolewa, hujazaa. Hao ni wake za watu. Utakaa mbele yao uwaambie nini?"

Nilikwenda kwa padre. Alikuwa mzungu wa ndevu ndefu aliyejifunza Kiswahili chake kwa vitabu na subira, akitamka kila silabi kana kwamba ataulizwa baadaye. Alikuja kwetu kwa pikipiki mara moja kwa wiki. Alifikiri, akatoa hukumu yake: mkesha wa sikukuu atakuja mwenyewe akae nyuma. Nitaieleza ile picha mbele ya wanawake, yeye na katekista wakisikia. Nikieleza sawasawa na imani, darasa ni langu. Nikikosea, nitabaki msomaji, na habari hiyo haitafunguliwa tena.

Basi nikasoma kama mtu anayekimbizwa. Jambo lilikuwa hili: yule mwanamke ni nani? Katekista alishika kwamba ni Kanisa. Padre alikuwa amesema, siku ya kuitundika picha, kwamba ni Bikira Maria. Kijitabu kimoja cha rangi ya kijivu alichoniazima kilisema ni taifa la Israeli, kwa ajili ya nyota kumi na mbili. Mimi niliyapenda yote matatu kwa wakati mmoja, kama mtu aliyepewa achague kati ya maembe matatu mabivu.

Wanawake ndio waliolipasua jipu hilo, wala hawakuona kuwa ni jipu. Nilipowauliza, mama wa mahamri alinishangaa. Akasema yeye mwenyewe baba yake humwita kwa jina la bibi yake, mumewe humwita mama fulani kwa jina la kifungua mimba, na jirani aliyenyonyesha naye humwita mama wa mtoto wa tatu. Watatu hao wakimtafuta siku moja, wanatafuta wanawake watatu? Nikaandika. Niliandika kila walichosema. Waliposikia joka lilisimama mbele ya mwanamke aliye katika kuzaa, likingoja kummeza mtoto, mama yuyo huyo alisema, "Huyo namjua. Mamangu mkwe alisimama hivyohivyo miguuni pangu," na darasa likavunjika kwa dakika nzima. Lakini waliposikia mwanamke alikimbilia jangwani, mahali alipotengenezewa, akalishwa huko, hawakucheka hata kidogo. Wakasema wote pamoja, kama jambo la jana, kwamba alipelekwa arobaini. Hata wale wa bara waliokuja pwani juzijuzi walikuwa wameona jirani zao wa Kiswahili: mzazi hufungiwa chumbani siku arobaini, hatoki, hafanyi kazi, huletewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, husingwa kwa manjano mpaka mwili wake unang'aa rangi ya jua. Walimtazama tena yule wa kwenye picha, aliyevikwa jua. Walimwelewa.

Lililobaki lilikuwa moja, na hilo halikucheka na mtu.

Alikuwapo mmoja katika darasa aliyekuwa haongei. Mumewe alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni. Yeye alitoka bara, mbali, mama yake hajui bahari ikoje. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo lilikuwa limekwisha kushuka, siku za kuzaa zikikaribia. Alhamisi moja alinifuata mpaka kwenye bomba la maji, akangoja wengine wapite, akaniuliza kwa sauti ndogo sana. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuwa uchungu wa kuzaa ni adhabu ya Hawa, na kwamba Bikira Maria alizaa bila uchungu na bila sauti. Basi yeye akilia, atakuwa amefanya dhambi? Maana anajijua, alisema. Hata meno yakimuuma hulia.

Nilimwambia nitamjibu. Nikaenda na ndoo yangu nikijua kuwa sina jibu, na kuwa hilo lilikuwa swali lenyewe. Mwanamke wa Ufunuo analia, imeandikwa wazi. Kama ni Maria, fundisho limekwenda wapi? Kama si Maria, padre ametundika nani ukutani?

Mkesha wa sikukuu ukafika na bado sina jibu. Nilivaa gauni la bluu la dada yangu. Padre alikuja na vumbi ndevuni, akakaa kwenye benchi la nyuma, lile fupi, magoti yakimfikia kidevuni. Katekista alisimama pembeni na rula yake. Wanawake walikuwa wamejipamba kama wanaokwenda harusini, na yule mke wa mtu wa reli aliyenifuata bombani alikaa mbele kabisa, mikono juu ya tumbo, ananitazama.

Nikaanza kwa kusoma. Sijui ni nini kilinipata. Labda ni gauni. Nilisoma ile sura kama mtu anayeleta habari kutoka nyumba ya pili: mwanamke yu katika uchungu, joka limesimama, pumzi zimebanwa, joka limefungua vinywa vyake vyote, na hapo, mbele ya macho yake, akazaa mtoto mwanamume.

Wanawake wakapiga vigelegele.

Hawakukusudia. Mtoto akizaliwa salama hupigiwa vigelegele, na wao walikuwa wameusikia uzazi ule mwanzo hadi mwisho wakiwa wameng'ang'ania mabenchi. Vilitoka vyenyewe, vikali, virefu, vikagonga paa la mabati vikarudi, na mama wa mahamri alisimama kabisa ili vyake vipate nafasi. Rula ya katekista ilianguka. Padre alinyanyuka nusu, akatazama huku na huku kama anayetafuta moto, akakaa tena. Mimi nilicheka. Ilikuwa siku ya mtihani wangu, mbele ya padre, nami nilicheka mpaka nikashika ubao. Yeye akaniashiria kwa kidole niendelee.

Nikaendelea, na furaha ilikuwa imenifungua kinywa. Niliwaeleza jua na mwezi. Nikaeleza yule mama mwenye majina matatu, kwamba Israeli ni ukoo wake, Kanisa ni nyumba ya watoto wake, naye mwenyewe ni Maria. Nikaeleza jangwa, nikasema hapa kwetu tunaiita arobaini, na nikaona ndevu za padre zikisogea. Nikadhani nimefika.

Padre aliinua mkono. Aliuliza pole pole, silabi kwa silabi, kwa sababu alitaka nishinde na pia alitaka haki: "Kanisa linafundisha kwamba Mama wa Mungu alimzaa Mwanawe bila utungu. Huyu wako analia. Kwa nini analia?"

Nilisikia treni ya mizigo ikipanda mlima wa Miritini. Nilitazama chini nikakutana na yale macho ya benchi la mbele.

"Hodi humu."

Alikuwa mkunga. Nyumba yake ilipakana na uwanja wa kanisa. Watu wa ukoo wake walikuwa Changamwe kabla ya reli, na yeye alikuwa amepokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa pande zile, hata mimi. Alikuwa amesimama kizingitini na buibui amelivaa upande, kikapu chake cha kazi mkononi, anahema. Viatu alikuwa amevivua nje, kama anavyovua akienda kusali kwao.

Katekista alimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kumtazama. Macho yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyetu.

"Nimesikia vigelegele. Wali nimeuwata jikoni. Mzazi yuwapi, na mbona hamkuniita?"

Macho yake yakamfikia mke wa mtu wa reli, ambaye alikuwa akimkanda tumbo kila Jumatatu kwa mwezi mzima na aliyemhesabu kuwa wake. Akalitazama lile tumbo.

"Wewe bado unalo."

"Ninalo, bibi."

"Basi ni nani alozaa?"

Mama wa mahamri alinyoosha kidole ukutani. "Ni huyu, bibi."

Hapo hata padre alishindwa. Aliinamisha uso kwenye mikono na mabega yakaanza kumpanda na kushuka. Wanawake walilaliana. Mkunga alingoja tumalize, hakuudhika, akaingia hatua mbili aitazame picha vizuri, akauliza ni nani. Alipoambiwa ni Bibi Maryamu, uso wake ukalainika, akamtakia amani kwa maneno ya kwao. Kisha akauliza ni kipi kinachochekwa juu ya Bibi Maryamu.

Katekista ndiye aliyeeleza, kwa heshima zote, kwamba hapana mtu anayemcheka. Swali lilikuwa kama alilia wakati wa kuzaa au hakulia. Mkunga akasema kwao hilo si swali. Wao wanapomsomea mja mzito sura ya Bibi Maryamu, husikia jinsi uchungu ulivyompeleka hadi kwenye shina la mtende, akatamani afadhali angekufa kabla ya siku ile. Katekista akasema kwetu hakulia. Mkunga akasema haya, kila mtu na chuo chake, kitabu alichosomeshwa. Padre alikuwa ameinua uso. Aliwasikiliza wawili hao kama mtu anayesikiliza muziki.

"Lakini nami nitawambia niloyaona kwa mikono yangu," mkunga alisema, akipandisha kikapu begani, kwani wali ulikuwa ukimwita. "Yuko mwanamke humzaa wa kwanza kama atuaye mzigo, hata jirani hajui. Akija wa pili, nyumba saba zasikia. Uchungu hauji kwa zamu. Waja kwa mtoto."

Sijui kueleza kilichonitokea. Kilikuwa kama kizunguzungu kitamu. Ukurasa wote ulisimama mbele yangu, na mstari ambao nilikuwa nimeusoma mara mia bila kuuona ulikuwa chini kabisa, mwisho wa sura, pale joka linapomkosa mwanamke na kwenda kupigana na watoto wake waliosalia.

"Padre, ana watoto wengine," nikasema. "Imeandikwa mwishoni. Joka linakwenda kupigana na watoto wengine wa mwanamke. Amewazaa lini? Wa kwanza alimzaa Bethlehemu, na huyo hakumliza. Sisi alituzaa Ijumaa Kuu, chini ya msalaba, pale alipoambiwa mwanafunzi yule sasa ni mwanawe. Yohana aliona siku zote mbili kwa pamoja, kama mtu anavyoota. Kile kilio ni chetu. Alilia kwa ajili ya mtoto wa pili."

Nilikuwa nikisema haraka mno. Nikageukia benchi la mbele, kwa kuwa lililobaki halikuwa la padre.

"Na kama yeye alilia," nikasema, "wewe lia."

Yule mwanamke alivuta leso akajifunika uso, na mwenzake akamwekea mkono mgongoni.

Siku kumi na moja baadaye aliyatimiza. Alilia kuanzia asubuhi, akalia mchana, akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao, na watu waliokuwa wakishuka zamu kiwandani walisimama barabarani kuuliza. Mkunga alitoka mara moja kuchota maji, akatuona tumejipanga ukutani, akasema analia vizuri. Mtoto alikuwa binti. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka siku mbili.

Lakini siku ile ya mkesha padre alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa. Alisema kwamba wako wazee wa Kanisa wa kale, wenye elimu nyingi, waliofika palepale kwa maneno marefu zaidi. Hakusema kama ni sifa au ni onyo. Kisha akamgeukia katekista, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na darasa lilikuwa bado la yule mzee, akamuuliza anaonaje.

Katekista aliokota rula yake. "Amesema vizuri," alisema. "Tangu nimesoma sura ile sijaisikia hivyo. Lakini, padre, hawa ni wazazi. Yeye hajazaa."

Mkunga alikuwa amekwisha kufika nje, anavaa kiatu kimoja kwa kuinamia. Aliinua kichwa tu.

"Na wewe, bwana, umezaa wangapi?"

Kwa mara ya kwanza alasiri ile hapana mwanamke aliyecheka. Walimwonea aibu mzee wao, walimpenda. Wote walitazama sakafu, na midomo ilikuwa imebanwa kiasi cha kuuma. Nilimtazama katekista. Nilimwona akilichukua lile neno, akilipima, akipita miaka yake yote ya kusimama pale na rula mbele ya matumbo ya wake za watu akiwaeleza uchungu wa Hawa. Kitu kikaanza kusogea chini ya shati lake. Nilidhani ni hasira. Kikapanda shingoni, kikafika mdomoni, na mzee yule, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake tangu aliponifundisha Baba Yetu, akacheka. Alicheka kwa sauti nyembamba ya juu kama ya mtoto, akashika meza, machozi yakimtoka kwenye yale macho yaliyochoka. Ndipo na wanawake wakaachia.

Padre alisema basi, imekwisha. Akatupa baraka yake kwa Kilatini, akapanda pikipiki akaenda kuungamisha watu Kisauni. Mkunga alikuwa ameshavuka uwanja mbio, harufu ya wali kuungua ikimtangulia. Wanawake hawakuondoka. Walikuwa wamekaa, wamenyoosha migongo, wananitazama, na saa ya darasa ilikuwa imebaki nusu nzima.

Katekista alikusanya vitu vyake: kitabu, kalamu, kofia. Rula aliiacha mezani. Sijui kama aliisahau. Alikwenda akasimama mbele ya picha, pua karibu kugusa mwezi, akaitazama sehemu kwa sehemu kama mtu asiyekuwa na uhakika kuwa ataiona tena. Aliponipita alinong'ona ili wao wasisikie.

"Somo la Alhamisi ni Amri ya Nne," alisema. "Mimi nitakuwa nyumbani."

Akapapasa mlango, akatoka, akauvuta nyuma yake mpaka komeo likaingia mahali pake.